Moyo Usioulizwa: Lugha ya Hofu ya Maradhi ya Moyo katika Hojaji za Afya, Ikitazamwa kutoka Mwambao wa Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ambayo kwayo hofu ya maradhi ya moyo huulizwa, hutafsiriwa na kusikiwa miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili. Yanayosomwa ni maandishi na matumizi ya lugha: hojaji za kimataifa za afya ya akili, istilahi za moyo katika vyombo vya habari, na tenzi mbili za kale. Mahali pa kuyasomea ni wilaya ya Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, ambako Kiswahili cha Kongo hukutana na Kibemba na Kinyanja. Hoja yetu ni kwamba hojaji zimeuondoa moyo katika maswali kuhusu wasiwasi, ilhali msemaji wa Kiswahili huanzia moyoni. Na kwamba ukimya huo hufungua njia ya makosa mawili ya kitabibu yanayopingana.

Utangulizi

Hojaji iitwayo GAD-7, iliyochapishwa mwaka 2006, ni miongoni mwa zinazotumika sana duniani kupima wasiwasi. Ina vipengele saba. Inauliza kama mtu amekuwa na taharuki, kama ameshindwa kuyazuia mahangaiko yake, kama anahangaika mno juu ya mambo mbalimbali, kama ni vigumu kwake kupumzika, kama hawezi kukaa mahali pamoja, kama hukasirika upesi, na kama anaogopa kwamba jambo baya litatokea. Moyo haumo. PHQ-9, iliyochapishwa mwaka 2001 kwa ajili ya sonona, inauliza usingizi, uchovu na hamu ya kula, moyo haumo. SRQ-20, iliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani kwa kuzilenga hasa nchi kama zetu, ina maswali 20, na miongoni mwake mna kuumwa kichwa, kutetemeka mikono, chakula kutosagika vizuri na tumbo kusumbua. Tumbo limeulizwa mara mbili. Moyo haumo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, katika toleo lake la tatu la mwaka 1980, uliutaja moyo unaodunda miongoni mwa dalili za wasiwasi wa kudumu, na marekebisho ya mwaka 1987 yaliubakiza. Toleo la nne, la mwaka 1994, likauondoa pamoja na jasho, kinywa kukauka na dalili nyingine za aina hiyo. Zikabaki dalili sita: kutotulia, kuchoka upesi, kushindwa kumakinika, hasira za karibu, misuli kukaza na usingizi mbaya. Moyo ulibaki katika orodha ya dalili za mashambulizi ya ghafla ya hofu, ambako unashika nafasi ya kwanza. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake kwa wagonjwa waliochunguzwa huko, nao haukuwa wa dunia nzima. Uainishaji wa kumi wa Shirika la Afya Duniani uliendelea kuutaja moyo. Lakini GAD-7 ilizaliwa ndani ya uamuzi wa 1994. Anayeitafsiri kwa Kiswahili anatafsiri maswali saba, na pamoja nayo anatafsiri ufutaji.

Tutaisoma hojaji hapa kama mhakiki asomavyo utanzu mwingine wowote. Nani anasema ndani yake? Anamwambia nani? Kipi kimenyamaziwa, na ukimya huo unamgharimu nani? Hatuna mahojiano wala takwimu mpya. Tunajua pia kwamba toleo la Kiswahili la GAD-7 limepimwa Kilifi, katika pwani ya Kenya, miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yaliliona kuwa ni la kuaminika. Hatupingi hilo. Hojaji inaweza kupima vizuri kile inachokiuliza. Swali letu linahusu kile ambacho haikukiuliza.

Mwambao wenye maneno matatu ya moyo

Nchelenge imo katika Mkoa wa Luapula, kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ni Kongo: Kilwa, Lukonzolwa, na kaskazini zaidi Pweto. (Kilwa za Mweru ni mbili, kisiwa upande wa Zambia na mji upande wa Kongo, na zote mbili zisichanganywe na Kilwa ya Tanzania.) Kiswahili si mgeni wa jana hapa. Mwaka 1867 Tippu Tip alipigana na Nsama wa Watabwa katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika, na Livingstone alipofika Mweru na kwa Mwata Kazembe mwishoni mwa mwaka huohuo alikuwa akisafiri katika njia za wafanyabiashara wa pwani. Baadaye kikaja Kiswahili kingine, kile cha migodi ya Katanga, kikivuka ziwa pamoja na samaki, nguo na watu. Na watu wamevuka kwa wingi. Kambi za Mwange na Kala ziliwapokea Wakongo waliokimbia vita vya mwanzo wa karne hii. Oktoba 2004, jeshi la Kongo lilipoutwaa tena mji wa Kilwa kutoka kwa waasi wachache, watu wasiopungua 70 waliuawa na wengi wakakimbilia ziwani. Kuanzia Agosti 2017 wimbi jingine lilitoka Katanga ya Juu na Tanganyika, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa ndani ya wilaya ya Nchelenge kwa ajili yao.

Kwa hiyo mtu anayesema Kiswahili cha Katanga anaweza leo kuketi mbele ya mhudumu wa afya anayesema Kibemba, lugha kuu ya Luapula, au mbele ya muuguzi aliyekulia Lusaka na kuzoea Kinyanja. Wote watatu ni Wabantu kwa lugha, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu maneno yao yanafanana kiasi cha kuwafanya waamini kwamba wameelewana.

Tulitazame neno lenyewe. Katika Kiswahili sanifu moyo ni kiungo kisukumacho damu, na pia ni makao ya hisia na nia. Katika Kinyanja kiungo hicho ni mtima, na moyo maana yake ni uhai. Kibemba kinasema umutima kwa kiungo, na umweo kwa uhai. Ushairi wa Kiswahili nao unalo mtima, ingawa mzungumzaji wa kawaida halitumii tena. Kisha katika Kiswahili cha Katanga kazi nyingi ambazo kamusi inaupa moyo hufanywa na roho. Mtu husema roho inamuuma pale ambapo mtu wa Unguja angesema moyo, ijapokuwa hata Unguja roho haijawa mbali, kwani aliye roho juu ni yule mwenye wahaka. Mstari wa maana umetambaa: roho ya mmoja ni moyo wa mwingine, na moyo wake huyo ni uhai wa wa tatu. Mgonjwa akisema kwamba moyo wake umechoka, msikilizaji wa Kinyanja anaweza kusikia kwamba ni uhai uliochoka. Akisema roho inamwenda mbio, mkalimani aliyesoma Kiswahili cha shule anaweza kuandika habari ya dini.

Hata ndani ya Kiswahili kimoja moyo hautulii mahali. Moyo ukichafuka, mtu anataka kutapika. Chembe cha moyo kiko juu ya tumbo, chini ya kifua, na anayeumwa hapo mara nyingi ana tatizo la tumbo. Moyo ukidunda unaweza kuwa na hofu, mapenzi, mbio au homa. Mtu akifa moyo hajafa, na akipiga moyo konde hajajigusa. Kitenzi kinachobeba haya yote ni kusikia, ambacho katika Kiswahili ni kazi ya sikio na ya mwili mzima kwa pamoja: twasikia njaa, twasikia baridi, twasikia moyo. Mhudumu akiuliza kama mtu anasikia moyo wake, ameuliza maswali mawili, na jibu la ndiyo halimwambii ni lipi lililojibiwa.

Mwaka 1981 mwanaanthropolojia Christopher Davis-Roberts alichapisha makala juu ya dhana za maradhi miongoni mwa Watabwa, ambao ni jirani wa Mweru, na anwani ya makala hayo inaanza kwa Kiswahili cha huko: "Kutambuwa ugonjuwa". Maneno mawili hayo yana mafunzo zaidi ya hojaji tatu tulizozitaja. Kutambua ni tendo lenye muda ndani yake. Ugonjwa huanza haujulikani, kisha watu wa nyumbani, jirani na mganga huufikiria hadi ujulikane. Hojaji haina muda huo. Inauliza juu ya majuma mawili yaliyopita, inatoa nafasi nne za kujibu, inajumlisha.

Hofu katika tenzi

Anayedhani kwamba maneno haya ya moyo ni mapambo ya usemi na azirudie tenzi. Katika Al-Inkishafi, iliyotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate mwanzoni mwa karne ya 19, mshairi anauambia moyo wake. Anauweka mbele yake kama mtu wa pili, anauliza kwa nini hauzinduki, anauonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na wageni na sasa yamo popo na ndege. Moyo haujibu. Jambo la kushangaza kwa msomaji anayetoka kliniki ni kwamba kosa la moyo huu ni kutoogopa. Mshairi anajitahidi kuutia hofu ya mauti, kwani bila hofu hiyo hautajiandaa. Katika hojaji, kuogopa kwamba jambo baya litatokea kunahesabiwa alama hadi tatu, na alama zikizidi mtu anahitaji matibabu.

Hatusemi kwamba utenzi una haki na hojaji ina kosa. Mtu asiyelala juma zima kwa kuusikiliza mshipa wa shingo yake haombi kuongezewa mawaidha. Tunachosema ni kwamba msemaji wa Kiswahili, Mwislamu au Mkristo, amerithi lugha ambamo kuukumbuka mwisho wake ni adabu njema, na hivyo swali la saba la GAD-7 linaweza kumpata akiwa mchaji, akiwa mgonjwa, au yote mawili.

Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, unafundisha jambo jingine. Mama anamwita bintiye akae karibu na karatasi na wino, anamwambia kwamba maradhi yamemshika kwa muda mrefu, na kwamba moyoni ana maneno anayotaka kumpa. Alifariki takriban miaka miwili baadaye. Tazama mgawanyo ulivyo: maradhi yako mwilini, na moyo ndipo yalipo maneno. Moyo wake ndio sehemu yake pekee isiyolalamika. Kutoka huko hadi kwa mtu wa leo anayesema moyo ndio unaomuua, Kiswahili kimesafiri mbali, na sehemu ya safari hiyo imefanywa na magazeti na redio.

Presha na mshtuko

Istilahi rasmi ni shinikizo la damu. Watu husema presha, na presha imegawanywa katika presha ya kupanda na presha ya kushuka kana kwamba ni ndugu wawili wa nyumba moja. Neno limefanya kazi kubwa. Mtu anayesumbuliwa na madai humwambia mwenzake asimpe presha. Aliyepokea habari ya msiba husema presha imempanda. Marehemu aliyeanguka ghafla husemwa kuwa aliondoka kwa presha. Kipimo cha mkono na taabu ya maisha vimekuwa neno moja. Tatizo ni kwamba shinikizo kubwa la damu, kwa kawaida, halisikiki. Mtu anaweza kulibeba miaka mingi bila dalili, na ndiyo sababu ni la hatari. Lugha imewapa watu namna ya kusikia kitu ambacho mwili mara nyingi haukisemi. Aliye na wasiwasi anaisikia presha asiyo nayo, na aliye nayo kweli haisikii, basi haendi kupimwa, au anaacha vidonge siku anapojisikia vizuri.

Mshtuko wa moyo ni mfano mbaya zaidi, kwa sababu hapa waliotupotosha ni wenye kalamu. Vyombo vya habari vya Kiswahili vinalitumia kwa mshipa wa moyo kuziba, kwa moyo kusimama ghafla, na mara nyingine kwa kifo chochote cha haraka ambacho familia haikutaka kukieleza. Lakini mshtuko katika Kiswahili cha kila siku ni kile kinachompata mtu anaposikia kishindo au habari mbaya. Istilahi hiyo imebeba chanzo tumboni mwake. Inamfundisha msikilizaji kwamba kushtuka kunaua, kwamba moyo uliotikiswa na hofu uko hatua moja kutoka kusimama. Kwa mtu aliyetoka Pweto au Mitwaba, katika eneo ambalo Wakongo wenyewe waliliita pembetatu ya kifo, ambaye hushtuka kila mlango unapopigwa, hilo ni fundisho la kutisha: anaogopa, moyo unadunda, anakumbuka alichosikia redioni, anaogopa zaidi. Mduara huo unajulikana katika tiba ya hofu kote duniani. Kwetu umeongezewa istilahi inayouzungusha. Shambulio la moyo, lililotafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, lina ukakasi wake, lakini angalau halimlaumu mgonjwa kwa kushtuka. Sisi tungependelea maelezo marefu na ya kweli, yaani kuziba kwa mshipa wa moyo, hata kama wahariri watalalamika juu ya nafasi.

Neno wasiwasi nalo linahitaji uangalifu. Asili yake ni Kiarabu, na msomaji wa Kurani anaifahamu kutoka sura ya mwisho kabisa: ni mnong'ono wa yule atiaye shaka vifuani mwa watu. Mwenye wasiwasi anaongopewa na sauti isiyo ya kuaminiwa. Mtu mwenye hofu ana anachokiogopa. Kumwambia aliyekimbia Kilwa mwaka 2004 kwamba ana wasiwasi ni kumwambia, kwa adabu, kwamba alichokiona hakipo.

Moyo wa askari, moyo wa mpagazi

Ulaya na Marekani nazo zilikuwa na wakati wa kuusikiliza moyo. Mwaka 1871 daktari Jacob Mendes Da Costa aliandika juu ya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani waliolalamika kwamba mioyo yao inadunda, vifua vinauma na pumzi hazitoshi, ilhali hakuona kidonda kilichoeleza hayo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia malalamiko yaleyale yalirudi kwa wingi, na Uingereza ikafungua hospitali ya kijeshi ya moyo huko Hampstead, ambako Thomas Lewis alifanya kazi iliyotoka kama kitabu mwaka 1918. Dola ilitaka kujua kama askari hao ni wagonjwa au waoga, na ili kujua ilibidi iwaulize.

Miaka hiyohiyo wanaume wa Rodesia ya Kaskazini, wa Luapula wakiwamo, walikuwa wapagazi wa vita dhidi ya Wajerumani wa Afrika Mashariki. Huku waliitwa tenga-tenga. Nairobi na Dar es Salaam zimeyahifadhi makambi ya wenzao katika jina la Kariakoo. Walibeba mizigo kwa njaa, homa na kuharisha, na walikufa kwa maelfu. Uchovu wao uliingia katika daftari kama hesabu ya mizigo isiyofika. Hatujakutana popote katika maandishi ya tiba ya zama hizo na istilahi ya moyo wa mpagazi. Moyo unaofutwa katika hojaji ulikuwa, kwa Mzungu, umeshaulizwa kwa muda wa miaka mia moja na zaidi kabla ya 1994. Waliokuwa na wa kwao usioulizwa walipewa orodha baada ya kufutwa.

Mwaka 1977 Byron Good alichapisha uchunguzi wake kutoka Maragheh, Iran, juu ya watu waliolalamikia taabu ya moyo. Alionyesha kwamba malalamiko hayo yalikusanya uzazi, majonzi, uzee, umaskini na ugomvi wa nyumbani katika neno moja, na kwamba daktari aliyelisikia kama habari ya kiungo tu alikosa karibu kila kitu. Ni kazi ambayo wahakiki wa Kiswahili wangefaidika kuisoma, kwani inatenda kwa lalamiko la mgonjwa kile tunachokitenda kwa shairi.

Lakini damu kwanza

Hata hivyo Mweru inatulazimisha tumwekee Good mpaka. Msomaji hodari wa sitiari anaweza kuwa mtu wa hatari katika wilaya hii. Nchelenge ni miongoni mwa sehemu zenye malaria nyingi kabisa nchini Zambia, na maambukizi hayakomi mwaka mzima. Malaria inayorudi-rudi huharibu chembe nyekundu za damu; minyoo ya safura na kichocho huongeza hasara; mimba huidai damu iliyobaki. Damu ikipungua, moyo hulazimika kupiga haraka zaidi ili hewa ifike kila mahali. Mama huyu anaposema moyo unamwenda mbio, hasemi kwa sitiari. Anatoa taarifa sahihi, na tone moja la damu ya kidoleni lingeithibitisha.

Kuna tena maradhi ya moyo yanayotokana na homa ya baridi yabisi, ambayo huanzia katika koo la mtoto lisilotibiwa na kuziharibu vali za moyo taratibu. Mwaka 2018 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio juu yake, na mzigo mkubwa wa maradhi haya uko katika nchi maskini. Kijana wa miaka 20 anayekata pumzi akivuta wavu hafai kuambiwa atulize mawazo.

Makosa mawili, basi. La kwanza ni la kliniki inayousikia moyo kama kiungo peke yake: inapima, haioni kitu, inampa mtu vidonge vya kutuliza maumivu na kumrudisha nyumbani na hofu ileile, sasa ikiwa na uthibitisho kwamba ugonjwa wake ni mgumu hata wataalamu hawauoni. La pili ni la mradi wa afya ya akili unaousikia moyo kama lugha ya huzuni peke yake, na kumpeleka mwenye damu pungufu katika kikundi cha mazungumzo. Hojaji isiyotaja moyo haizuii kosa lolote kati ya haya. Na mradi wa aina ya pili si wa kufikirika kwa sera: Sheria ya Afya ya Akili ya Zambia ya mwaka 2019 imetaka huduma hizi zifike katika afya ya msingi, baada ya miaka mingi ambapo hospitali kuu ya magonjwa ya akili ilikuwa Chainama, huko Lusaka. Vipimo vifupi vitahitajika vijijini, na vifupi vilivyo tayari ndivyo hivi.

Hali ya mwambao inafanya kutenganisha damu na hofu kuwe kugumu kwa njia ya pekee. Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa kwa sheria. Miezi hiyo ni ya mvua, ambapo mbu huongezeka, akiba ya chakula hupungua, ada za shule hudaiwa na mwenye nyavu anakaa bure. Upungufu wa damu na sababu za kuhangaika hufika nyumbani pamoja. Mtafiti atakayegawa hojaji mwezi Januari na mwingine atakayegawa mwezi Juni watakuwa wamepima ziwa mbili, na sijaona mwongozo wa hojaji yoyote unaomwambia mtafiti aandike kama uvuvi ulikuwa umefunguliwa.

Swali lenyewe liweje

PHQ-15, ya mwaka 2002, inao moyo unaodunda na kifua kinachouma. Mtu anaweza kusema tatizo limekwisha: tuichukue hiyo. Lakini hojaji hiyo iliuweka moyo katika orodha ya dalili za mwili, mbali na mahangaiko, na inamtaka mgonjwa aseme amesumbuliwa kiasi gani, si lini wala akifanya nini. Kwa Nchelenge lini na akifanya nini ndiyo mambo yenye thamani. Moyo unaokwenda mbio mtu akipanda kutoka ufukweni na ndoo ya maji, au akipiga kasia, unaelekeza kwenye damu na vali. Unaoanza usiku, mtu amelala kimya, na kutulia anapoamka kuzungumza na mwenziwe, unaelekeza kwingine. Kanuni hii si kamili, na haichukui nafasi ya kipimo. Lakini inagharimu sentensi mbili.

Tungependekeza kwa hiyo kwamba tafsiri yoyote ya Kiswahili itakayopelekwa Mantapala iwe na swali la moyo mahali pa kwanza kabisa, kabla ya taharuki na mahangaiko, na liulizwe kwa maneno yote mawili, moyo na roho, kwani hakuna hasara ya kurudia. Jibu lifuatwe na ombi la kuonyesha kwa mkono mahali panaposumbua, ili chembe cha moyo kisiandikwe kuwa moyo. Kipimo cha wingi wa damu na cha malaria kitangulie alama zozote kujumlishwa. Neno wasiwasi lisiwemo katika maswali, hofu inatosha. Na mkalimani wa Kinyanja au Kibemba apewe mapema orodha fupi ya maneno haya matatu na maana zake zinazohama.

Imebaki adabu. Hojaji haimwiti mtu kwa jina lolote. Inasema "wewe", au inaacha hata hilo. Mama Mkongo wa umri wa makamo, akiulizwa na kijana aliyeshika karatasi mara ngapi katika majuma mawili yaliyopita amekasirika upesi, atajibu hapana, kwa kuwa ndilo jibu la mtu mwenye heshima mbele ya mtoto. Kijana huyo akikaa kwanza, akaamkia, kisha akasema, "Mama, roho iko namna gani siku hizi?", atakuwa ameuliza swali ambalo mama huyo ameulizwa maisha yake yote na watu waliotaka kweli kujua. Jibu litakuwa refu, halitaingia katika nafasi nne za karatasi, na itabidi mtu fulani aamue ni mistari mingapi itaachwa wazi chini ya swali la kwanza kwa ajili ya kuliandika.